Miguu Ilikitangulia Kichwa

Msomaji, ukisimama kando ya njia katika Burumba, hapa Busia, asubuhi kabla jua halijawa kali, utaona miguu mingi kuliko magurudumu. Wapita akina mama wenye vikapu vya omena na mikungu ya ndizi vichwani, wengine waelekea sokoni, wengine watoka ng'ambo, upande wa Uganda. Wapita wanafunzi. Wapita wapagazi waliokwisha kutoka jasho ilhali wenzao ndio kwanza wanakunywa chai. Asubuhi moja nilimwona hapo kijana nadhifu, mwenye viatu ving'aavyo, akingoja pikipiki ya kumpeleka mahali ambapo mtu mzima angalifika kwa miguu kabla ya kuhesabu elfu moja. Akapita mama mmoja na gunia kichwani, shingo imenyooka, mikono yaning'inia bila kulishika gunia. Kijana akamwambia mwenzake, "Mtazame huyu! Tulipewa akili ili tusitembee kama wanyama." Mwenzake akacheka sana.

Mimi sikucheka, wala sikumjibu, kwa kuwa mtu hashindani njiani na watu asiowajua. Lakini neno lile lilinifuata hadi nyumbani, na leo nataka kulijibu mbele yako. Kwanza, hapana mnyama ulimwenguni atembeaye kama alivyotembea mama yule. Kuku ana miguu miwili, na mbuni pia, lakini kiwiliwili chake kimelala juu ya miguu kama mashua juu ya magogo. Sokwe aweza kusimama na kupiga hatua chache, magoti yamekunjika, mwili wayumba huku na huku, kisha hurudi kuegemea mikono yake. Kwenda wima, goti limenyooka, uti wa mgongo umesimama juu ya nyonga na kichwa kimekaa juu ya uti kama chungu juu ya kata, ni kazi ya mwanadamu peke yake. Kijana yule alimwita mnyama mtu aliyekuwa akifanya, wakati ule ule, tendo la kwanza lililotutenga na wanyama.

Lakini kosa lake lililo kubwa zaidi limo katika mpango wa maneno yake. Yeye aona kwamba akili ilikuja kwanza, na miguu ni mtumishi wake wa zamani ambaye sasa aweza kufukuzwa kazi. Wala hakuibuni imani hiyo. Aliirithi, pengine bila kujua, kutoka kwa wataalamu wenye majina makubwa ambao waliishikilia kwa ukaidi hata ikawatia aibu.

Sikiliza kisa chao. Mwaka 1912, huko Uingereza, ilitangazwa habari ya vipande vya mifupa vilivyopatikana katika changarawe za kijiji cha Piltdown. Fuvu lilikuwa kubwa kama la mtu, na taya lilikuwa la nyani mkubwa. Wakuu wa elimu ya mifupa katika London walifurahi kupita kiasi, kwa maana ndivyo walivyotaka iwe: kichwa kikubwa kwanza, mengine baadaye, tena kichwa hicho kilikuwa cha Kiingereza! Kwa miaka 40 na zaidi mifupa ile ilipewa heshima katika vitabu. Mwaka 1953 ikachunguzwa barabara, ikaonekana kuwa ni udanganyifu mtupu. Fuvu lilikuwa la mtu wa zama zisizo za mbali, taya lilikuwa la orangutani wa Asia, meno yamepigwa tupa na mifupa imetiwa rangi ili ionekane kuwa kuukuu.

Ubaya wa udanganyifu ule haukuishia kwa waliodanganywa. Mwaka 1924 fuvu la mtoto mdogo lilitoka katika machimbo ya chokaa ya Taung, Afrika Kusini, likafikishwa kwa Raymond Dart, mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili katika chuo kikuu cha Johannesburg. Ubongo wake ulikuwa mdogo, karibu na wa sokwe. Lakini Dart alitazama chini ya fuvu, mahali penye tundu ambamo uti hupita kuingia kichwani. Kwa mnyama aendaye kwa miguu minne tundu hilo huelekea nyuma. Kwa mtoto wa Taung lilikuwa mbele zaidi, chini ya kichwa, kama lako wewe. Maana yake ni kwamba kichwa kile kilikaa juu ya mwili uliosimama. Dart akatangaza mwaka 1925 kwamba hapa pana kiumbe aliyekwenda wima kabla ya kupata ubongo mkubwa. Wakuu wa London wakamjibu kwamba ameokota mtoto wa nyani. Ikapita miaka zaidi ya 20, na mifupa mingine mingi ikachimbwa huko huko Afrika Kusini, ndipo wengi wao wakakubali.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu chafundisha jambo ambalo mwanafunzi hupitwa nalo kwa urahisi. Wale hawakukosa akili wala vitabu. Walikuwa na kiburi cha kichwa, na kiburi hicho kiliwazuia kuona kilichokuwa mbele ya macho yao. Mwenye kiburi hicho leo hukaa London. Mwingine hungoja pikipiki Burumba.

Basi mifupa yenyewe yasemaje? Huna haja ya kwenda mbali kuiuliza. Mwaka 2000, katika vilima vya Tugen, Baringo, watafiti Martin Pickford na Brigitte Senut pamoja na wenzao walipata mifupa ya kiumbe waliyempa jina Orrorin, na umri wake ni karibu miaka milioni 6. Umbo la mfupa wa paja lake huonyesha kwamba alikwenda kwa miguu miwili awapo chini, ingawa alijua bado kupanda miti. Wako wataalamu wanaobishana juu ya mwendo wake ulikuwa kamili kiasi gani, na ubishi huo ni halali. Lakini shuka miaka karibu milioni 2 ufike Kanapoi, kusini magharibi ya Ziwa Turkana, ubishi wapungua sana. Mfupa wa muundi uliopatikana huko, wenye umri wa miaka zaidi ya milioni 4, umepanuka chini ya goti kwa namna ya mfupa unaobeba mwili wote juu ya mguu mmoja kila hatua. Mwaka 1974 ukachimbwa Ethiopia mwili wa mwanamke mfupi aliyepewa jina la Lucy, mwenye umri wa miaka milioni 3.2. Nyonga yake ni pana na fupi kama bakuli, na paja lake limeinama kuingia ndani ili goti likae chini ya mwili. Ubongo wa jamii yake ulikuwa karibu theluthi moja ya ubongo wako.

Sasa weka hesabu. Miguu: miaka milioni 6, au tuseme milioni 4 kwa yule asiyetaka kuridhika na Orrorin. Mawe ya kale kabisa yaliyochongwa yajulikanayo leo, ambayo yalipatikana Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana: miaka milioni 3.3. Ubongo kuanza kukua kwa haraka: karibu miaka milioni 2. Charles Darwin, ambaye mwaka 1871 alikisia kwa usahihi kwamba asili yetu yaelekea kuwa Afrika, alidhani kwamba mwendo wa wima, zana na akili vilisukumana pamoja tangu mwanzo. Hata yeye alivisogeza karibu mno. Miguu ilikuwa imekwisha tembea miaka mamilioni kabla kichwa hakijaanza kujivuna.

Pengine utasema kwamba mifupa ni mifupa, na kila mtaalamu aweza kuisomea apendavyo. Vema. Nenda Laetoli, Tanzania, kusini ya bonde la Oldupai. Hapo hapana haja ya kukisia mguu kutokana na mfupa, kwa sababu ni mwendo wenyewe uliohifadhiwa. Mwaka 1976 watafiti fulani walikuwa wakirudi kambini jioni, wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo (nakwambia kweli, elimu haiji kila mara kwa uso uliokunjwa). Mmoja wao, katika kukwepa, alianguka chini, akaona karibu na pua yake alama za nyayo za wanyama katika jiwe. Kumbe zamani sana mlima wa moto ulimwaga majivu, mvua nyepesi ikayalowesha, viumbe wakapita juu yake, kisha jua likayakausha yakawa magumu kama saruji, na majivu mengine yakayafunika. Mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kikapata humo nyayo za watu wa kale, karibu 70, katika njia ya urefu wa mita 27 hivi.

Nyayo hizo zina umri wa miaka milioni 3.6. Kisigino kimegonga kwanza, uzito umepita ubavuni mwa wayo, kisha kidole gumba kimesukuma ardhi kikielekea mbele sambamba na vidole vingine, wala hakikujitenga pembeni kama cha sokwe. Wako waliokwenda bega kwa bega, na mmoja alikuwa akikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake aliyetangulia, kama mtoto afanyavyo njia ikiwa na matope. Mwaka 2015 wataalamu wa Tanzania, wakishirikiana na wenzao wa Italia, wakapata nyayo nyingine karibu na hapo, na baadhi yake ni kubwa kuliko zile za kwanza. Tembea wewe katika matope ya Burumba baada ya mvua ya Aprili, kisha geuka utazame nyuma. Mtu aonaye nyayo zako na za Laetoli atapata kazi kuzitenganisha kwa haraka. Na aliyeziacha zile hakuwa na jiwe lililochongwa mkononi, hakuwa na moto, na yaelekea hakuwa na lugha.

Nimeulizwa na wanafunzi: kwa nini walisimama? Hapa nakuomba ujihadhari na yeyote akupaye sababu moja kwa sauti kubwa. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba misitu ilikauka, nyasi zikaenea, na viumbe wale wakasimama ili waone mbali juu ya nyasi. Hadithi hiyo yapendeza, lakini mwaka 2009 yalitangazwa mambo ya mwili mwingine wa Ethiopia, Ardipithecus, mwenye umri wa miaka milioni 4.4. Yeye aliweza kwenda wima, na bado kidole gumba cha mguu wake kilishika matawi, tena makazi yake yalikuwa na miti mingi. Sababu mbili nyingine zina nguvu zaidi machoni pangu. Ya kwanza ni uchumi wa nguvu. Mwaka 2007 wapimaji walionyesha kwamba mwanadamu atembeapo hutumia karibu robo tu ya nguvu atumiayo sokwe kwenda mwendo huo huo kwa uzito ule ule. Atafutaye chakula katika nchi ambayo miti yake imetawanyika atashukuru kwa mguu usiokula sana. Ya pili ni mikono iliyobaki huru. Aendaye kwa minne hubeba kwa kinywa; aendaye kwa miwili hubeba chakula na mtoto. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini mama wa gunia la Burumba ni hoja itembeayo.

Lipo kosa jingine ambalo nitalipita upesi. Umepata kuona ile picha ya viumbe waliopangwa mstari, wa kwanza ameinama, wa pili ameinuka kidogo, hadi wa mwisho aliye wima. Picha hiyo ilichorwa na Rudolph Zallinger katika kitabu cha mwaka 1965, na tangu hapo haijapata kupumzika. Humfanya mtu adhani kwamba babu zetu walinyooka polepole kama mgonjwa wa kiuno atokaye kitandani, na kwamba sokwe wa leo ni babu aliyechelewa. Sivyo. Sokwe ni binamu yetu. Yeye na sisi tuna mababu wamoja waliokufa zamani, naye alikwenda njia yake miaka ile ile tuliyokwenda yetu. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalipokuwa yakitayarisha maonyesho ya mifupa ya kale mwaka 2006, wako viongozi wa kanisa waliotaka isipewe mahali pa mbele, kwa kuona kwamba ni matusi kuambiwa tumetoka kwa nyani. Nawaheshimu walimu wa dini, lakini hapana aliyewaambia hivyo katika mifupa ile. Mifupa yasema tu nani alitembea, wapi, na lini.

Hebu sasa tutoke katika kutembea tuingie katika mbio, maana hapo pana kosa ambalo hutugusa sisi watu wa mpaka huu kwa karibu. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mtafutaji hodari wa mifupa, mwana wa Ukambani, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto za Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Kilikuwa kidogo, rangi yake kama ya kokoto zenyewe. Wengine wangalikikanyaga wakapita. Uchimbaji ukatoa karibu mwili mzima wa mvulana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Alikuwa bado mtoto, lakini kimo chake kilizidi mita moja na nusu. Miguu yake ni mirefu, kiuno chembamba, umbo la mtu wa nchi ya joto. Ubongo wake ulikuwa umefika karibu theluthi mbili za wetu. Ukimwona kwa nyuma akivuka njia ya Malaba, usingegeuka kumtazama mara ya pili.

Mwaka 2004 Dennis Bramble na Daniel Lieberman walitoa hoja kwamba mwili wa namna hiyo ulifanyizwa kwa mbio ndefu pia. Jishike nyuma ya kisigino: ile kano nene hukazana na kuachia kama mpira, nayo haina kazi kubwa katika kutembea. Jishike matako unapotembea, msuli umelegea, kimbia, waugutuka. Nyuma ya shingo pana kano izuiayo kichwa kisitikisike. Na ngozi yako haina manyoya mazito, imejaa jasho, ilhali mnyama mwenye manyoya hupoza mwili kwa kuhema, na akikimbia kwa kasi hawezi kuhema vya kutosha. Duma atakushinda kwa mita mia, hata mbuzi atakushinda. Lakini adhuhuri, kwa masaa, swala ndiye atakayeanguka. Wasani wa Kalahari waliwinda hivyo, na mwaka 2024 zilitangazwa habari karibu 400 za uwindaji wa namna hiyo zilizokusanywa kutoka maandishi ya nchi nyingi. Wako wasiokubali kwamba mbio peke yake zilitufanyiza, nami sikubali pia. Kutembea kulitangulia kwa mamilioni ya miaka. Lakini viungo ninavyokuambia ujishike ni vyako, na havikuwekwa hapo kwa pambo.

Na ndiyo maana nachukizwa nisikiapo watu wakisema kwamba wakimbiaji wa Mlima Elgon, ulio kaskazini yetu, au wa Bonde la Ufa, wamezaliwa na miguu ya namna yao peke yao. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alipoweka rekodi ya mita 10,000 mwaka 2020, dakika 26 na sekunde 11, na alipotwaa dhahabu ya mbio hizo Paris mwaka 2024, wako waliosema, "Hao ndivyo walivyo." Maneno hayo yana sura ya sifa, lakini ndani yake ni wizi. Yamnyang'anya mtu mazoezi yake ya alfajiri na miaka yake ya kujinyima, na kumkabidhi asili yake kama vile ni zawadi. Kisha yampa mvivu wa Busia udhuru wa kukaa. Kano ya kisigino ni ya Cheptegei, ni yako, ni ya yule kijana wa viatu ving'aavyo.

Sitakuficha gharama. Mwili uliosimama hulipa kodi. Uti wa mgongo uliokusudiwa kuwa kama daraja umefanywa nguzo, ndipo watu wazima huugua kiuno. Magoti hubeba mzigo wa mwili wote. Na nyonga iliyofupishwa kwa ajili ya mwendo ndiyo hiyo hiyo ambayo kichwa kikubwa cha mtoto hutaka kupita, kwa uchungu ambao mama zetu waujua. Tazama jinsi mambo yalivyo: kichwa kilipokuja kukua, kilikuta mlango umekwisha jengwa na miguu, kikalazimika kupinda.

Nitaambiwa kwamba nataka watu wa Busia waache pikipiki. La. Mgonjwa apandishwe, mzigo mzito upandishwe, na mwenye haraka apande kwa fedha yake. Lakini mji ambao kijana wake huona haya kutembea umeanza kujisahau. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa katika mipaka hii yetu, katika miaka ya 1960 na 1970, watu walipobebwa kwa baiskeli kuvuka masafa kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, kutoka boda hadi boda. Kwa baiskeli, msomaji! Mashine ya kwanza ya bodaboda ilikuwa paja la mtu. Na boda yenyewe ina umri gani? Mwaka 1902 Waingereza walilikata jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Miguu ya Wateso na Wasamia ilikuwa ikipita hapa zamani kabla ya kalamu hiyo, na yapita bado.

Wala dharau hii si neno la mdomo tu. Katika miji yetu mingi barabara ya magari hupimwa na kutiwa lami, na njia ya waendao kwa miguu huachwa ijitafutie mahali kati ya mtaro na gurudumu la lori. Mtoto aendaye shule hupita hapo. Mpima barabara aliyemsahau hakufanya hivyo kwa uadui. Alifanya kwa kuwa yeye pia aamini, kama wale wa Piltdown, kwamba mtu ni kichwa, na miguu ni jambo la walioshindwa.

Kijana yule wa Burumba aliendelea kungoja. Pikipiki ya kwanza ilikuwa na abiria wawili, ya pili dereva wake alitaka bei asiyoitaka, na wakati wakibishana nilitazama njia. Mama wa gunia alikuwa amekwisha fika kituoni, akajipanga mstarini na wengine, gunia bado kichwani, akaingia Uganda.